Kabla ya Kuwasha Roketi: Kupima Uthabiti Wake kwa Kompyuta

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wa sayansi hurudi kutoka likizo na maswali ambayo hayamo kwenye mtaala. Moja limekuwa likijirudia, hasa kutoka kwa vijana wa Kahama, Msalala na Geita: "Mwalimu, kwa nini na sisi tusitengeneze roketi?"

Swali ni zuri. Ndani yake mna sheria za Newton, hesabu, useremala, hali ya hewa na subira. Lakini likiulizwa na kijana wa ukanda wa dhahabu, lina uzito wa pekee. Kijana aliyekulia Mwendakulima, jirani na mgodi wa Buzwagi, alilijua neno baruti kabla hajalijua neno roketi. Tangu mgodi ule ulipoanza uzalishaji mwaka 2009 na kwa miaka mingi iliyofuata, milipuko ilikuwa sehemu ya sauti za mchana. Na katika machimbo ya wachimbaji wadogo yaliyotapakaa kuanzia Kahama hadi Geita, baruti na viwashio vyake si vitu vya kusimuliwa tu. Mtoto anaweza kuviokota.

Ukimjibu kijana huyo "hapana" kwa mkato, atakwenda kujaribu peke yake nyuma ya nyumba. Ukimjibu "ndiyo" bila maelezo, umemtuma kwenye hatari kwa mikono yako. Makala hii inajaribu jibu la tatu: ndiyo, lakini anza na kompyuta. Sehemu kubwa ya elimu ya roketi, pengine tisa kwa kumi, inaweza kupatikana bila kuwasha hata kiberiti.

Somo lililolipiwa kwa vidole

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1957, mwaka ambao Warusi walirusha Sputnik, vijana wengi wa Marekani walishikwa na hamu ya roketi. Walichanganya kemikali jikoni na kwenye vibanda vya magari, wakazishindilia ndani ya mabomba ya chuma. Wengine walipoteza vidole, wengine macho, wengine uhai. Mhandisi mmoja wa roketi, G. Harry Stine, aliandika makala kuhusu jambo hilo. Akapata barua kutoka kwa Orville Carlisle, mtu mwenye duka la viatu katika jimbo la Nebraska, ambaye alikuwa amebuni roketi ndogo ya karatasi yenye injini iliyotengenezwa tayari na inayotumika mara moja tu.

Hapo ndipo ilipozaliwa roketi ya mfano kama inavyojulikana leo. Kanuni zake mbili za kwanza hazijabadilika. Ya kwanza: mwili wa roketi ni karatasi, mbao nyepesi na plastiki, kamwe si chuma. Ya pili: injini hununuliwa ikiwa imetengenezwa kiwandani, haichanganywi nyumbani. Atakayekuambia kwamba baruti ya kupasulia miamba inaweza kuwa injini ya roketi anakudanganya. Baruti hiyo imetengenezwa ipasuke mara moja, ilhali injini ya roketi imetengenezwa iungue kwa mpangilio. Ukiiweka ndani ya bomba, umetengeneza bomu.

Hata hivyo, injini salama haitoshi. Roketi yenye injini nzuri kabisa inaweza kupaa mita chache, ikapinda, ikarudi kwa waliosimama kuitazama. Hapa ndipo linapoingia neno letu la leo: uthabiti.

Mshale unajua njia

Chukua mshale wa wawindaji wa zamani. Mbele una kichwa cha chuma, nyuma una manyoya. Ukiutupa hata vibaya, baada ya hatua chache hujinyoosha na kutangulia kwa kichwa. Ng'oa manyoya, ondoa chuma, kisha utupe tena: utapinduka hewani kama kijiti chochote. Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kwamba uzito ukae mbele na upana ukae nyuma.

Roketi inafuata siri hiyohiyo, na sisi tunaieleza kwa nukta mbili.

Nukta ya kwanza ni kitovu cha uzito. Hapo ndipo roketi inaposimama sawa ukiilaza juu ya ukingo wa rula. Ikiwa hewani, roketi hujizungusha kwenye nukta hiyo.

Nukta ya pili ni kitovu cha kani ya hewa. Roketi inapokwenda ikiwa imeinama kidogo, hewa huisukuma kutoka ubavuni: kidogo kwenye ncha, zaidi kwenye mapezi ya mkiani. Jumla ya misukumo hiyo yote ni kana kwamba inatua mahali pamoja. Mahali hapo ndipo kitovu cha kani ya hewa.

Sasa fikiri. Ikiwa kitovu cha hewa kiko nyuma ya kitovu cha uzito, hewa itausukuma mkia na kuurudisha kwenye mstari. Roketi itajinyoosha yenyewe. Ikiwa kitovu cha hewa kiko mbele, hewa itaisukuma ncha nje zaidi ya mstari, na kila kosa dogo litazaa kosa kubwa. Vikiwa mahali pamoja, roketi haina mwalimu, itakwenda popote.

Umbali kati ya nukta hizi mbili hupimwa kwa kipenyo cha mwili wa roketi. Kipenyo kimoja huitwa kaliba moja. Desturi ya wenye uzoefu ni kwamba kitovu cha hewa kiwe nyuma ya kitovu cha uzito kwa kaliba moja hadi mbili. Pungufu ya moja ni hatari. Kuzidi sana mbili kuna tatizo lake, tutalifikia.

Aliyetupatia hesabu

Kitovu cha uzito ni rahisi kukipata. Kitovu cha hewa ndicho kilichowasumbua watu kwa miaka mingi. Njia ya zamani ilikuwa kukata umbo la roketi kwenye karatasi ngumu na kutafuta mahali linaposimama sawa. Njia hiyo hutoa jibu la tahadhari kupita kiasi, kwa sababu inachukulia kwamba roketi inakwenda ubavu-ubavu kabisa.

Mwaka 1966 James Barrowman, mhandisi wa NASA, pamoja na mkewe Judith, waliwasilisha njia ya hesabu kwenye mashindano ya kitaifa ya roketi za mfano nchini Marekani. Mwaka uliofuata James aliiendeleza kazi hiyo katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Amerika, mjini Washington. Kanuni za Barrowman zinahitaji rula, kalamu na kujua kipeo cha pili, basi. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaziweza.

Mwaka 2009 mwanafunzi wa Finland, Sampo Niskanen, aliziingiza kanuni hizo na nyongeza zake kwenye programu ya kompyuta aliyoiita OpenRocket, ikiwa sehemu ya tasnifu yake ya uzamili. Programu hiyo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa shule ya kijijini yenye kompyuta mbili na bando la kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Tujaribu roketi moja

Tuseme kijana wetu amechora roketi yenye urefu wa sentimita 37.5. Ncha yake ni ya plastiki, imechongoka kwa mviringo, ina urefu wa sentimita 7.5. Mwili ni bomba la karatasi lenye urefu wa sentimita 30 na kipenyo cha sentimita 2.5. Mkiani kuna mapezi matatu madogo: yana sentimita 4 yanapogusana na mwili, sentimita 2 kwenye ncha zake, na yanatokeza sentimita 2 tu. Injini ni ya daraja B, yenye gramu 18.

Kwanza, kitovu cha uzito. Orodhesha kila kipande, uzito wake na umbali wa katikati yake kutoka nchani:

- ncha: gramu 8, sentimita 5
- bomba la mwili: gramu 9, sentimita 22.5
- parashuti na kamba yake: gramu 8, sentimita 14
- mapezi: gramu 3, sentimita 36
- kishikio cha injini: gramu 3, sentimita 34
- injini: gramu 18, sentimita 34

Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wote, yaani gramu 49. Utapata sentimita 24.0 kutoka nchani.

Pili, kitovu cha hewa. Kanuni za Barrowman huipa kila sehemu ya roketi namba inayoonyesha nguvu ya mchango wake. Ncha hupewa 2, na kani yake hutua sentimita 3.5 kutoka mwanzo. Mapezi yetu madogo hupata 4.73, na kani yao hutua sentimita 35.2. Bomba lililonyooka halihesabiwi pale roketi inapoinama kidogo tu. Wastani wake ni huu: 2 mara 3.5, ongeza 4.73 mara 35.2, gawanya kwa 6.73. Jibu ni sentimita 25.8.

Kitovu cha hewa kiko nyuma ya kitovu cha uzito kwa sentimita 1.75. Gawanya kwa kipenyo cha 2.5: ni kaliba 0.7. Roketi hii iko upande sahihi, lakini kwa shida.

Sasa linakuja kosa ambalo kila kijana hulifanya. Anataka ipae juu zaidi, kwa hiyo anatoa injini ya B na kuweka ya C. Kila herufi inayofuata huongeza maradufu kikomo cha msukumo wote wa injini, kwa hiyo hamu yake inaeleweka. Lakini injini ya C ina gramu kama 24, na gramu hizo sita za nyongeza zote ziko mkiani. Kitovu cha uzito kinarudi nyuma hadi sentimita 25.1. Kitovu cha hewa hakijasogea, kwa sababu umbo halijabadilika. Umbali uliobaki ni milimita zisizofika saba, yaani robo ya kaliba. Mapezi yaleyale, mwili uleule, rangi ileile, lakini sasa roketi ile inaweza kupinduka kwa upepo mdogo tu au kwa pezi lililobandikwa kombo.

Kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote. Hiyo ndiyo sababu ya kukokotoa.

Kompyuta inavyoonyesha

Ndani ya OpenRocket, kazi ile ya kurasa mbili inafanyika kwa kuchora. Unaongeza ncha, bomba, mapezi na parashuti kimojakimoja, unaandika vipimo, unachagua vifaa. Programu inachora roketi ikiwa imelala ubavu na kuweka alama mbili juu yake: duara la buluu ni kitovu cha uzito, duara jekundu ni kitovu cha hewa. Pembeni inaandika uthabiti kwa kaliba. Jambo la kwanza la kutazama: buluu itangulie upande wa ncha, nyekundu ifuate upande wa mkia.

Badili injini, duara la buluu linasogea mbele ya macho yako. Ongeza pezi, jekundu linasogea. Mwanafunzi aliyeona hivyo mara tatu hasahau tena.

Turudi kwa roketi yetu yenye injini ya C. Kuna dawa mbili, na programu inakuruhusu kuzijaribu zote kwa dakika tano.

Dawa ya kwanza ni uzito mbele. Weka gramu 10 za udongo wa kufinyangia ndani ya ncha, sentimita 4 kutoka mwanzo. Kitovu cha uzito kinakwenda mbele hadi sentimita 21.9, na uthabiti unapanda hadi kaliba 1.6. Bei yake ni kwamba roketi imekuwa nzito, itaondoka polepole na kufika chini zaidi ya ulivyotarajia.

Dawa ya pili ni upana nyuma. Kata mapezi mapya: sentimita 5 mwilini, 3 kwenye ncha, yatokeze sentimita 4. Namba yake ya mchango inaruka kutoka 4.73 hadi 15.6. Kitovu cha hewa kinarudi nyuma hadi sentimita 30.9. Hata ukihesabu kwamba mapezi mapya yana gramu 6 badala ya 3, kitovu cha uzito kiko sentimita 25.6, na uthabiti ni kaliba 2.1.

Injini inapoungua nayo inapoteza uzito. Kwa kuwa uzito huo unapungua mkiani, kitovu cha uzito husogea mbele na roketi huzidi kuwa thabiti kadiri inavyopaa. Kwa roketi ndogo ya aina hii, sekunde ya hatari zaidi ndiyo ya kwanza, ikiwa bado karibu na watu.

Mizani ya sonara

Programu ni mwaminifu kwa kile ulichoiambia, na hapo ndipo inapoweza kukupoteza. Inakadiria uzito kutokana na aina ya kifaa ulichochagua. Haijui kwamba ulimimina gundi nyingi, wala kwamba ulipaka rangi mara tatu. Gundi nyingi huwa mkiani, kwenye mapezi, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo pima. Na hapa vijana wa Kahama na Geita wana bahati ambayo wenzao wengi hawana: mji wao umejaa mizani ya dhahabu. Mizani ndogo ya kidijitali ya sonara inapima hadi sehemu ya mia ya gramu, na roketi ya gramu 50 haihitaji zaidi ya hapo. Pima kila kipande kabla ya kubandika, kisha roketi nzima baada ya kukauka.

Halafu tafuta kitovu cha uzito kwa mkono. Usitumie injini halisi kwenye kazi hii. Jaza mchanga kwenye bomba la karatasi lenye ukubwa na uzito uleule wa injini, litie mahali pake, kunja parashuti iingie ndani, kisha ilaze roketi juu ya ukingo wa rula. Inaposimama sawa, weka alama na upime umbali kutoka nchani. Ikiwa kompyuta ilisema 25.6 na rula inasema 26.4, anayesema kweli ni rula. OpenRocket ina nafasi ya kuandika uzito na kitovu ulichopima mwenyewe ili kitumike badala ya makadirio. Itumie, kisha tazama upya namba ya kaliba.

Wahandisi wa migodi hufanya jambo linalofanana na hili kwenye kuta za mashimo ya wazi. Mteremko hukokotolewa kwanza kwenye kompyuta, kisha ukuta wenyewe huendelea kupimwa mwaka hadi mwaka, kwa sababu mwamba haujasoma mchoro. Hesabu hutangulia, kipimo hufuata, na vikipingana, anayerekebishwa ni mwenye hesabu.

Upepo na fimbo ya kurushia

Roketi haianzi na mwendo. Mapezi hayafanyi kazi mpaka hewa ipite juu yake kwa kasi ya kutosha. Ndiyo maana huanza safari ikiwa imeshikwa na fimbo nyembamba ya chuma iliyosimamishwa ardhini, kwa kawaida yenye urefu wa kama mita moja. Swali ni hili: inapoiacha fimbo, ina kasi gani?

Wengi hutaka isipungue mita 15 hivi kwa sekunde. Ili kuifikia kasi hiyo ndani ya mita moja, roketi inahitaji mchapuko wa mita 112 kwa sekunde kila sekunde, yaani zaidi ya mara kumi na moja ya mvutano wa dunia. Kwa roketi yetu ya gramu 65, hiyo ni kani ya karibu nyutoni 8. OpenRocket itakuandikia kasi hiyo katika matokeo ya kila safari unayoiiga. Ikiwa ndogo, tumia fimbo ndefu zaidi, punguza uzito, au usirushe.

Sasa ongeza upepo. Roketi inayoacha fimbo kwa mita 15 kwa sekunde katika upepo wa mita 2 kwa sekunde hukutana na hewa ikiwa imeinama nyuzi kama 8. Kwenye upepo wa mita 5, ni nyuzi 18. Kanuni za Barrowman ziliandikwa kwa ajili ya pembe ndogo, chini ya nyuzi kumi hivi. Pembe ikikua, bomba la mwili nalo huanza kusukumwa na hewa, na kitovu cha hewa husogea mbele, kuelekea hatarini. Tukiikata roketi yetu ya kwanza kwenye karatasi ngumu, itasimama sawa kwenye sentimita 22 hivi. Hapo ndipo kitovu cha hewa kingekuwa kama ingekwenda ubavu kabisa, na ni mbele ya kitovu cha uzito. Akiba ya kaliba moja hatuiweki kwa ajili ya siku ya utulivu. Tunaiweka kwa ajili ya upepo huu.

Na kuzidi mno? Soksi ya upepo kwenye kiwanja cha ndege huufuata upepo unakokwenda. Roketi yenye uthabiti mwingi kupita kiasi hufanya kinyume: mkia unasukumwa, na ncha inageukia upepo unakotoka. Badala ya kupaa wima inakwenda kwa mlalo na kuanguka mbali. Kwa hiyo mapezi makubwa si dawa ya kila kitu.

Ukiwa kwenye ukurasa wa mazingira ya kurushia, usiache namba ulizozikuta. Kahama iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Latitudo ni karibu nyuzi 3.8, na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, iandike kwa alama ya kutoa. Longitudo ni karibu nyuzi 32.6 mashariki. Kisha iga safari ileile kwa upepo wa mita 0, 2, 5 na 8 kwa sekunde, na uandike kwenye daftari inaangukia wapi kila mara. Daftari hilo litakuambia uwanja unaohitaji ni mkubwa kiasi gani, na siku gani ya kurudi nyumbani bila kurusha.

Majirani zetu na roketi

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Kwenye pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitalia walijenga majukwaa ya San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout iliondoka pale ikiwa imebeba setilaiti ya kuchunguza miali ya eksi kutoka angani. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mkiani mwa Scout kulikuwa na mapezi, kama mshale, ila ncha zake ziliweza kugeuzwa ili kuiongoza.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika jimbo la Shaba la Zaire ya wakati ule, kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilijaribu njia nyingine. Roketi yake ingeongozwa kwa kupunguza nguvu ya injini za upande mmoja. Majaribio ya Mei 1977 na Mei 1978 yalipaa. La tatu, tarehe 5 Juni 1978, lilifanyika mbele ya Rais Mobutu. Roketi ilipanda kidogo, ikalala upande, ikaanguka bondeni. Inayotegemea injini imwongoze huanguka injini inapokosea. Inayotegemea mapezi hujinyoosha yenyewe, ilimradi hesabu yake ilifanywa sawasawa.

Na leo, Juja nchini Kenya, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia wanaunda na kurusha roketi zao katika mradi walioupa jina la Nakuja. Ni vijana wa lugha yetu, na wanafanya kazi hiyo chini ya chuo, pamoja na walimu wao.

Kabla ya kutoka nje

Kijana wa Buzwagi anayesoma makala hii afanye nini kesho? Apakue programu, achore roketi tuliyoieleza, aone kama atapata namba zinazokaribiana na zetu. Abadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Aunde mwili wa karatasi, atumie injini ya mchanga, aupime kwa mizani na rula. Hadi hapo hajavunja sheria yoyote wala hajamhatarisha mtu.

Kurusha ni jambo jingine. Vitu vya kulipuka nchini vinasimamiwa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na anga yetu inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Pale Buzwagi penyewe kuna kiwanja cha ndege kilichojengwa na mgodi, na abiria wa Kahama wamekuwa wakikitumia. Roketi ya karatasi inayopaa mbele ya ndege inayotua si mchezo tena. Kwa hiyo urushaji ufanywe na shule au chuo, chini ya mtu mzima anayejua kazi, kwa injini ya kiwandani iliyopatikana kihalali, kwa kibali, na mbali na kiwanja hicho, nyumba na nyasi kavu. Vikikosekana hivyo, roketi ibaki mezani. Bado utakuwa umejifunza.

Na ukikuta kiwashio cha baruti kimedondoka njiani kuelekea machimboni, usikiokote, usikipige teke, usikipeleke shule kumwonyesha mwalimu wa fizikia. Simama mbali, wazuie wadogo zako, mwite mtu mzima atoe taarifa polisi. Hesabu zote zilizomo katika makala hii zinamhitaji mtu mwenye vidole kumi vya kushika kalamu na macho mawili ya kusoma rula.